Sahani Moja ya Ugali kwa Kila Tairi

Mwalimu aliwahi kusimamisha karamu ya harusi kwa sababu ya meza. Ilikuwa Maple Grove, ukumbi wa kukodi, maharusi wamesimama na kisu tayari kukata keki, na yeye amepiga magoti chini ya meza ya keki na bahasha aliyoikunja mara nne. Meza ilikuwa inayumba kidogo. Mtu mwingine angeishikilia tu kwa mkono. Yeye aliichomeka ile bahasha chini ya mguu mmoja, akainuka, akageukia wageni waliokuwa wakifa njaa, akawaambia kwamba ukiuinua mguu mmoja wa meza huongezi uzito kwenye mguu huo peke yake. Unauongeza pia kwenye mguu wa pembe ya pili, mshazari, na hivyo ndivyo gari la mbio linavyotengenezwa ili likate kona vizuri. Bibi harusi alikuwa bado ameshika kisu. Niliona alivyomtazama, na sikumlaumu.

Tangu tumzike, watu wa kanisa letu la Wakenya na Wakongo hapa Hopkins, Marekani, wananiambia, "Sista, yule mzee alikuwa mtulivu sana." Mtulivu! Mimi nilikaa naye mlango kwa mlango miaka minane, ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, kwenye fleti za zamani ambazo jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka. Nasema alinichosha roho. Nilimpenda, sikatai. Lakini alinichosha, na kilichonichosha kuliko vyote ni ufunguo wa vani ya kanisa. Ulikaa mfukoni mwake miaka yote hiyo, na yeye ndiye aliyewapitia watoto kila Jumapili, nyumba kwa nyumba. Mwaka ule wa mwisho ikawa lazima atolewe kwenye usukani kabla hajaua mtoto wa watu, na kazi hiyo, kati ya watu wote, ikaniangukia mimi.

Kule nyumbani Kenya alikuwa amefundisha fizikia sekondari zaidi ya miaka ishirini. Hapa alipata kazi ya kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Hakuacha kufundisha hata siku moja. Kilichopotea ni darasa tu, kwa hiyo darasa likawa sisi. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mwenye nyumba, Mmarekani, alimwita Mwalimu, akidhani ndilo jina alilobatizwa.

Habari ya magari niliianzisha mimi mwenyewe, Mungu anisamehe. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mmoja wa akina mama niliokuwa nawahudumia alikuwa na mwanawe mchomeleaji, Mzungu mmoja mpole, kucha nyeusi kwa grisi. Kila akija kumwona mama yake alinionyesha picha za gari lake. Kwa nje ni gari la kawaida, la kwendea dukani, lakini ndani amelitoa kila kitu, kumebaki kiti kimoja na mabomba ya chuma. Jumamosi za kiangazi alilishindanisha na mengine ya aina hiyo kwenye uwanja wa udongo wa mviringo, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Nikamwambia, kwa kupiga soga tu, kwamba nina jirani mwalimu wa fizikia. Akasema mlete.

Nikampeleka. Mwalimu alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Akauliza swali moja tu: kwa nini matairi ya kulia ni makubwa kuliko ya kushoto? Mchomeleaji akacheka kwa furaha, maana huwa hakuna mgeni anayeliona hilo. Kuanzia siku hiyo sikumwona tena Mwalimu Jumamosi ya kiangazi akiwa nyumbani, na Jumapili tulilipia.

Jumapili ya kwanza, wakati wa chai baada ya ibada, alichukua kikombe cha karatasi, akakilaza mezani, akakisukuma kwa kidole. Kikombe kina mdomo mpana na kitako chembamba, kwa hiyo hakikwenda moja kwa moja, kilizunguka.

"Mnaona?" akasema. "Hakuna aliyekigeuza. Kimejigeuza chenyewe. Lile gari linapinda kushoto kutwa nzima. Basi unaliwekea matairi makubwa kulia na madogo kushoto, na linataka kupinda hata kabla dereva hajashika usukani sawasawa."

Mchungaji alikuwa anakingoja kikombe hicho, maana vilikuwa vimeisha. Kesho yake mkewe Mwalimu akaja kuniuliza kama nimeiona futi yake ya kushonea. Futi ilikuwa kwenye uwanja wa mbio, imezungushwa tairi, imeganda matope.

Si futi tu. Asubuhi moja nilishuka kwenda kazini, nikakuta gari langu limepandishwa juu ya mbao nne, na chini ya kila ubao mizani ya bafuni. Moja ilikuwa yangu! Mchana wa jana yake aliniomba funguo ati asogeze gari watu wa kufagia wapite, na mimi mjinga nikampa. Mizani ya bafuni haiwezi kubeba gari, kila mtu anajua hilo. Yeye alikuwa ameweka ncha moja ya ubao juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, tairi likakaa karibu na tofali, mizani ikabeba kipande kidogo tu cha uzito. Vingine akavipata kwa hesabu. Alikuwa anajaribu njia hiyo kabla ya kuitumia kwa mchomeleaji.

"Sista, gari lako limelemea pembe ya nyuma kulia," akaniambia, bila salamu.

"Ni gunia la unga, Mwalimu. Na nimechelewa kazini."

"Lihamishie katikati."

Nililihamisha. Nilikuwa na dakika sita za kufika kazini, na nilikuwa nimeinamia buti nikihamisha gunia la unga, mtu mzima na akili zangu.

Neno lake kuu, lile alilolisema mpaka watoto wakawa wanaliigiza nyuma ya vani, lilikuwa la ugali. Kila tairi, alisema, lina sahani moja ya ugali, basi. Ukitaka kupiga breki, unakula kwenye sahani hiyo. Ukitaka kupinda, ni sahani hiyo hiyo. Ukitaka kuongeza mwendo, ni hiyo hiyo. Ukiimaliza yote kwa breki, kona inalala njaa, na gari linakwenda moja kwa moja hata usukani uwe umeugeuza mpaka mwisho. Dereva mzuri anakula breki kwanza, kwenye barabara iliyonyooka, halafu anaiachia taratibu huku anaanza kula kona.

Wakati wa baridi nilikuwa namshusha uwanja wa ndege nikielekea kazini kwangu Bloomington, na njia nzima ilikuwa, "Sista, unakula kwa mikono miwili!" Januari moja, kwenye mchepuko wa kutoka barabara kuu, nilipiga breki huku napinda. Gari likateleza polepole, likaingia kwenye lundo la theluji. Hatukuumia. Sijavuta hata pumzi, naye anatazama mbele kwa utulivu. "Umeona?" akasema. "Sahani tupu."

Nilimnunia kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tangu siku ile napiga breki kwanza, halafu napinda.

Na msidhani mwenyewe alikuwa amenyooka. Mtu aliyegawanya sekunde vipande mia alichelewa kila mahali, hata ubatizo wa mjukuu wake. Mtu aliyenikemea kwa gunia la unga alifunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini, akaingia nalo madhabahuni kusoma neno. Alipenda mwendo wa watu wengine. Yeye mwenyewe kwenye barabara kuu alikwenda kama anasindikiza jeneza, honi zinamlilia nyuma. Mzee wa kanisa asiyegusa hata mvinyo, na Jumamosi ungemkuta amekaa katikati ya walevi wenye kofia, vumbi mpaka kwenye meno, anaomba kwa sauti springi ya mbele kushoto isikatike.

Mchomeleaji hakushinda mara nyingi. Siku moja alishinda, na akaja mpaka kazini kwetu kumwonyesha mama yake kikombe. Nikagonga mlango wa Mwalimu kumpongeza. Akanitazama kama nimemtukana. "Wawili wa mbele waligongana," akasema. "Hiyo haihesabiwi." Akafunga mlango.

Sasa nije kwenye rula. Ilikuwa rula ya mbao ya sentimita thelathini, aliyotoka nayo Kenya, pembe zimeliwa. Kabla ya kila mbio alimsimamisha mchomeleaji kando ya gari, akamwambia atanue kidole gumba na cha shahada. Akaishika rula juu yake, sifuri ikiwa katikati ya vidole, halafu akaiachia bila kusema kitu. Unaidaka. Pale vidole vyako viliposhika ndipo panaposema umechelewa kiasi gani, kwa sababu rula inaanguka kwa mwendo ule ule kwa kila mtu. Mara tano. Anaondoa kubwa na ndogo, anatafuta wastani, anaandika kwenye daftari. Mchomeleaji akiwa mzito siku hiyo, Mwalimu alimwambia asiwafuate wengine karibu, maana taa ya hatari ikiwaka gari linakwenda mbali sana kabla mguu haujasikia.

"Pima kila kitu," alimwambia, "halafu mpime dereva. Dereva naye ni kipuri."

Haikuchukua muda, rula ikaingia kanisani. Yeyote aliyetaka kuendesha vani sharti aidake kabla ya sentimita ishirini na mbili. Wazee wa kanisa walikubali kwa kuchoka tu. Papa Espérance, baba wa Kikongo ambaye ni fundi wetu wa magari, alicheka sana. "Mwalimu, mi niliendesha kamiyo toka Bukavu mpaka Uvira myaka kumi, hakuna mutu alinipimaka na kipande ya mbao!" Akaidaka kwenye kumi na nane.

Mimi niliidaka kwenye ishirini na sita. Mbele ya akina mama wote.

"Sista, hapana," akasema.

"Mwalimu, nimetoka zamu ya masaa kumi na mawili, miguu hii hapa imevimba."

"Rula haijui zamu."

Miaka sita sikuigusa vani ile. Kila nikiiona ikipita na watoto, na yeye amekaa wima nyuma ya usukani, nilikuwa nasema ishirini na sita, ishirini na sita, mpaka mume wangu akaniuliza kama nacheza bahati nasibu.

Basi mwaka ule wa mwisho, Jumapili moja ya Machi, Mwalimu akapita alama ya kusimama kana kwamba haipo. Watoto saba nyuma. Papa Espérance alikuwa kiti cha mbele, akapiga ukelele, na vani ikaja kusimama katikati ya njia panda, gari jingine likipita mbele ya pua yake na honi. Wakati wa chakula watoto walisimulia kwa Kiingereza, wanacheka. Sisi hatukucheka. Jumapili ya pili yake ilikuwa taa nyekundu. Alipiga breki, ndiyo, lakini vani ilivuka mstari wa wapita njia, na mama mmoja akavuta kigari cha mtoto wake nyuma kwa mikono miwili.

Na Mwalimu akafanya nini? Akatafuta kasoro kwenye vani! Breki zinachelewa, akasema. Jumamosi nzima Papa Espérance alilala chini ya vani kwenye maegesho yenye baridi, akibadilisha pedi za breki ambazo hazikuwa na kosa. Wiki iliyofuata wakabadilisha mafuta ya breki. Iliyofuata, matairi ya mbele. Mwalimu akapiga mistari ya chaki kwenye lami, akamwambia Papa Espérance aendeshe na kusimama, aendeshe na kusimama, akapima kwa futi ya mkewe. Vani ilisimama vizuri kila mara. Akakunja uso, akasema lazima kuna kitu hatujakiona.

Mchungaji akanivuta pembeni. "Sista, wewe ndiye uko na training ya wazee. Ongea naye." Woga mtupu! Na mkewe akaja kwangu, akakaa kitandani kwangu, akalia. "Nimemwambia aache ku-drive," akasema. "Ananiuliza ushahidi uko wapi. Miaka arobaini ya ndoa, mwanangu, na ananidai ushahidi."

Nilikwenda Jumamosi alasiri, mwisho wa Aprili, theluji ya mwisho imebaki vipande vyeusi kwenye kona za maegesho. Nilikuwa nimejiandaa. Kazini tunafundishwa namna ya kusema na mzee kuhusu gari lake: unaanza kwa kumsikiliza, unauliza anajisikiaje, humlaumu. Nikamkuta mezani jikoni na zile pedi za zamani, amezipanga juu ya gazeti, anazipima unene. Mkewe alikuwa anaosha vyombo.

"Hizi ni nzima," akaniambia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyezitengeneza. "Nzima kabisa. Sielewi."

Mafunzo yote yakaniruka. "Mwalimu," nikasema, na nilisikia sauti yangu imepanda, "umepima pedi, umepima mafuta, umepima matairi, umechora chaki mpaka mtaa mzima umekuwa ubao. Dereva umempima lini?"

Mkewe akafunga bomba. Mwalimu aliweka pedi chini, akaisogeza ilingane na mwenzake. Halafu akanyoosha mkono kuelekea droo, bila kunitazama.

Nikatoa rula. Akaegemeza mkono ukingoni mwa meza kama alivyotufundisha, akatanua vidole viwili. Nikaweka sifuri katikati. Nikaachia.

Rula ikapita, ikagonga sakafu.

"Tena," akasema.

Ikapita tena. Mara ya tatu vidole vilifumba rula ikiwa imeshalala chini. Nilikuwa nainama kuiokota na machozi yananitoka. Nilikuwa na hasira naye, na rula, na Mchungaji aliyejificha nyumbani kwake anakunywa chai. Kwa hiyo mara ya nne nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla ya kuachia nilitikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Akaidaka. Ishirini kamili.

"Asante Yesu!" mkewe akasema.

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Umenionyesha kwa kichwa. Hiyo haihesabiwi."

"Umeidaka, Mwalimu. Nimeona kwa macho yangu."

"Haihesabiwi, Sista. Rudia ya nne. Halafu ya tano."

Nikarudia ya nne. Nikaachia ya tano. Zote mbili ziligonga sakafu, na ya tano ikateleza mpaka chini ya jiko, nikaitoa kwa fimbo ya ufagio.

Akafungua daftari. Aliandika jina lake, ambalo katika miaka minane sikuwahi kuliona limeandikwa, na kwenye safu ya sentimita akachora mstari tu, kwa sababu rula ilikuwa imeisha kabla yake. "Zaidi ya robo ya sekunde," akasema. "Kwa maili thelathini, ni zaidi ya mita tatu kabla mguu haujasogea." Akatazama sakafu ya jikoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye jokofu, polepole. "Mtoto anatosha hapo."

Akatoa ufunguo mfukoni. Nikanyoosha mkono, naye akaurudisha kifuani.

"Ngoja. Vidole."

"Mwalimu, kwa jina la Mungu!"

"Vidole, Sista."

Nikapimwa pale pale, jicho limejaa maji, mara tano. Akaondoa kubwa na ndogo, akakokotoa kwa penseli, akakagua hesabu, akakagua tena. "Ishirini na moja. Umepita."

"Miaka sita!" nikamwambia. "Miaka sita umeninyima vani kwa sababu ya siku moja niliyokuwa nimechoka. Na nilikwambia nimechoka!"

"Uliniambia," akasema. "Na ningekupa watoto wa watu ukiwa umechoka?" Akaniwekea ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake, akavishika hivyo kitambo, kisha akarudi kufunga zile pedi kwenye gazeti.

Jumapili ile niliendesha mimi. Watoto saba nyuma, yeye kiti cha mbele, mkanda umefungwa, shati limefungwa vibaya. Kona ya kwanza akaniambia nimeanza kupinda mapema. Ya pili akasema sahani nzima nimeimaliza kwa breki. Nikamwambia anyamaze, watoto wakacheka, na hakunyamaza. Lakini kila taa nyekundu nilisikia kiatu chake cha kulia kikikanyaga sakafu, kwa nguvu, mahali pasipo na breki. Kila mara vani ilikuwa imeshasimama.